Kiti cha dereva kinapoteleza: Ijue springi ndogo inayokishikilia

Na Mwandishi Wetu

DEREVA amesimama kwenye mwinuko na foleni haisogei. Mguu mmoja uko kwenye breki, mwingine kwenye klachi. Anapoikandamiza breki zaidi ili gari lisirudi nyuma, kiti kinateleza ghafla kuelekea kwa abiria aliyeketi nyuma yake. Mikono inanyooka, usukani unakuwa mbali na mguu unaachana na breki.

Tukio la namna hiyo huchukua muda mfupi kuliko wa kulisimulia. Linapotokea, dereva hulaumu kiti, fundi au barabara. Hata hivyo, chanzo chake chaweza kuwa kipande kidogo cha waya wa chuma kilichojificha chini ya kiti, ambacho wenye magari wengi hawajapata kukiona kwa macho: springi ya komeo la reli.

Makala haya yanaeleza jinsi kiti cha gari kinavyosogea na kufungika, kazi ya springi katika mtambo huo, sababu za springi hizo kukatika, na mambo ambayo mwenye gari anaweza kuyakagua mwenyewe kabla hajaenda gereji.

Kiti hukaa juu ya reli

Viti vya mbele vya magari mengi madogo hukaa juu ya jozi mbili za reli, moja upande wa kulia na nyingine upande wa kushoto. Katika kila jozi, reli ya chini hufungwa kwa bolti kwenye sakafu ya gari, na reli ya juu hufungwa kwenye fremu ya kiti.

Kingo za reli hizo hukunjwa na kukumbatiana, ili reli ya juu iweze kwenda mbele na nyuma lakini isiweze kung'oka kwenda juu. Kati yake huwekwa gololi za chuma au magurudumu madogo, pamoja na grisi, ili kiti kisogee bila kukwaruza.

Sababu ya kuwapo kwa mtambo huu ni kwamba madereva hawalingani kimo. Mfupi anahitaji kuzifikia pedali bila kunyoosha mguu hadi mwisho, na mrefu anahitaji nafasi ya magoti. Aidha, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, hushauri kuwe na nafasi ya angalau sentimita 25 kati ya kifua cha dereva na katikati ya usukani, kwa sababu mfuko wa hewa hufumuka kwa nguvu kubwa wakati wa ajali.

Kama kungekuwa na reli na gololi peke yake, kiti kingekimbia mbele kila breki inapofungwa na kurudi nyuma kila gari linapoondoka. Ndiyo maana kuna komeo. Hiki ni kipande cha chuma kigumu chenye meno, kinachoambatana na reli ya juu. Meno yake huingia katika matundu au mapengo yaliyokatwa kwenye reli ya chini.

Mapengo hayo hupangwa kwa nafasi ndogo, mara nyingi kama sentimita moja hivi. Mlio wa "tak" unaosikika kiti kinapokaa mahali pake ni sauti ya meno yakiingia katika pengo.

Springi hufunga, mkono hufungua

Kanuni ya mtambo huu ni moja: springi hufunga, mkono hufungua. Wakati wote springi hulisukuma komeo ili meno yabaki ndani ya mapengo. Dereva anaponyanyua mpini ulio chini ya ukingo wa mbele wa kiti, huwa anashindana na springi hiyo na kuyatoa meno. Anapouachia, springi huyarudisha yenyewe.

Msomaji anaweza kulinganisha na ulimi wa kitasa cha mlango. Mlango ukisukumwa, ulimi huingia ndani, kisha hujitokeza wenyewe na kufunga. Hakuna anayelazimika kukumbuka kuufunga.

Mpangilio huo una maana kubwa kwa usalama. Kama mkono ndio ungefunga na springi ndiyo ingefungua, dereva mwenye haraka angeondoka na kiti kilicho huru. Kwa sasa, hata akisahau, kiti hujifunga kikishafika kwenye pengo la karibu.

Ikumbukwe kwamba springi haibebi uzito wa ajali. Gari linapogonga, nguvu yote ya kiti hubebwa na meno ya komeo na kuta za mapengo. Kazi ya springi ni kuhakikisha kwamba meno yako ndani wakati huo unapofika. Ndiyo maana springi nyembamba hutosha, na ndiyo maana pia inapokatika, chuma kigumu kilichoizunguka hakimsaidii mtu.

Kwa kawaida kuna makomeo mawili, moja katika kila reli. Mpini mmoja uliopinda mfano wa herufi U huyafungua yote kwa pamoja, au waya huyaunganisha. Upande mmoja ukifunga na mwingine ukabaki wazi, kiti hukaa mshazari na huchezacheza mwili unapoegemea upande.

Aina za springi

Springi zinazotumika chini ya kiti si za umbo moja. Ya kwanza ni ile ya mzunguko, iliyofanana na springi ya kalamu, ambayo huvuta au husukuma kwa kunyooka. Ya pili ni ya kusokotwa: waya uliozungushwa kwenye pini na kuachiwa mikono miwili, mmoja ukiegemea reli na mwingine ukiegemea komeo. Hii hufanya kazi kama kamani, kwa kujikunjua.

Ya tatu ni springi bapa, yaani kipande chembamba cha chuma kinachopinda na kurudi. Katika baadhi ya magari, waya mmoja mrefu uliokunjwa kwa umbo maalumu hufanya kazi zaidi ya moja: hulishikilia komeo, huurudisha mpini na huzuia vyuma visigongane na kupiga kelele.

Mbali na springi ya komeo, yapo magari yenye springi ya pili iliyo ndefu na yenye nguvu zaidi, ambayo hukivuta kiti mbele. Sababu yake ni rahisi. Mtu aliyeketi anaweza kukisukuma kiti nyuma kwa miguu, lakini kujivuta mbele ni kazi ngumu, hasa kwa kuwa reli nyingi huinuka kidogo kuelekea mbele. Springi hiyo humsaidia kupanda.

Springi ya namna hiyo hutumika pia katika magari ya milango miwili. Mgongo wa kiti unapolazwa, komeo hufunguka na kiti hukimbilia mbele ili abiria wa nyuma apite. Katika magari hayo, mtambo hufanya kazi mara nyingi kwa siku kuliko katika gari la milango minne.

Viti vinavyoendeshwa kwa umeme ni habari nyingine. Huko mota huzungusha skrubu ndefu, na nyuzi za skrubu hiyo ndizo zinazokizuia kiti kisisogee. Hakuna komeo la kunyanyua, ingawa reli na bolti za sakafuni hubaki zilezile.

Kwa nini springi hukatika

Mwanasayansi wa Uingereza, Robert Hooke, alichapisha mwaka 1678 kanuni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa springi zote: kadiri inavyovutwa, ndivyo inavyorudisha nguvu. Ukiivuta mara mbili ya mwanzo, nguvu yake nayo huwa mara mbili, mradi isivutwe kupita kiasi.

Mhandisi wa kiti hana budi kuchagua kati ya mambo mawili. Springi ikiwa ngumu mno, mpini hauinuki kwa vidole. Ikiwa laini mno, mtikisiko wa barabara mbovu unaweza kulisogeza komeo.

Tatizo jingine ni uchovu wa chuma. Katika karne ya 19 mhandisi Mjerumani, August Wöhler, alichunguza ekseli za treni zilizokuwa zikikatika ingawa hazikuwa zimebebeshwa mzigo wa kupita kiasi. Aligundua kwamba chuma kinachokunjwa na kuachiwa mara nyingi huweza kukatika kwa nguvu ndogo kuliko ile ambayo kingeistahimili mara moja.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa springi ya kiti. Kila mpini unaponyanyuliwa ni kunjo moja. Ufa huanza mahali penye mkwaruzo, shimo dogo la kutu au kona kali ya waya, kisha husonga kidogo kidogo. Siku waya unapokatika, dereva huenda asisikie chochote, kwa kuwa meno yanaweza kubaki ndani ya mapengo hadi mtikisiko fulani utakapoyatoa.

Gari linaloendeshwa na watu wengi, kama vile teksi inayopokezanwa zamu, gari la ofisi, gari la shule ya udereva au la familia yenye madereva wawili wasiolingana kimo, huichosha springi haraka zaidi. Mchanga, soda iliyomwagika, maji ya mvua na sarafu zinazodondokea kwenye reli huongeza tatizo, kwa sababu huyazuia meno yasiingie hadi mwisho.

Somo la mwaka 2014

Umuhimu wa kipande hiki ulidhihirika Aprili 9, 2014, wakati kampuni ya Toyota ilipotangaza kuyaita magari takriban milioni 6.39 duniani kwa ajili ya kasoro kadhaa tofauti. Miongoni mwa kasoro hizo ilikuwamo ya springi za reli za viti.

Nchini Marekani pekee, tangazo la kasoro hiyo liligusa takriban magari 472,500 ya aina ya Yaris ya mwaka 2006 hadi 2010 na Scion xD ya mwaka 2008 hadi 2010. Kampuni ilieleza kwamba kiti kinaporekebishwa mara nyingi, springi za komeo zingeweza kukatika. Springi ikikatika, kiti huenda kisifunge, na gari likigonga kingeweza kusogea na kumwongezea aliyeketi hatari ya kuumia. Wakati huo kampuni ilisema haikuwa na taarifa ya ajali wala majeruhi waliotokana na kasoro hiyo.

Habari hiyo inawahusu pia wakazi wa miji ya Afrika Mashariki. Yaris ya toleo hilo ndiyo iliyouzwa Japani kwa jina la Vitz, na Scion xD ni ndugu wa Toyota ist ya toleo la pili. Magari ya aina hizo yaliyotumika Japani ni ya kawaida katika barabara za Dar es Salaam.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Mtengenezaji anapoliita gari, barua humfuata mmiliki aliyeandikishwa katika nchi lilikouzwa. Gari likishapakiwa melini na kuuzwa ng'ambo, barua haivuki bahari. Mnunuzi wa Ilala au Mbagala anaweza kuliendesha kwa miaka mingi bila kufahamu kama lilitengenezwa au lilisafirishwa kabla halijaguswa.

Haina maana kwamba kila Vitz ina kasoro. Maana yake ni kwamba namba ya chesisi ina faida zaidi ya kuandikwa kwenye kadi ya gari. Kwa namba hiyo, mmiliki anaweza kuangalia katika tovuti ya mtengenezaji, au kuuliza kwa wakala wake, iwapo gari lake limo katika orodha ya yaliyoitwa.

Hata angani limetokea

Tatizo la kiti kuteleza si la magari peke yake. Ndege ndogo za Cessna, zinazojulikana sana kwa wasafiri wa mbugani, nazo zina viti vinavyoteleza kwenye reli na kufungwa kwa pini inayosukumwa na springi.

Mwaka 1987 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la kukagua reli, matundu, pini na springi za viti hivyo, na mwaka 2011 ilitoa agizo jipya lililochukua nafasi ya lile la kwanza. Ukaguzi hufanywa kwa kufuata saa za kuruka, si kwa kusubiri kitu kiharibike.

Hofu ya marubani inafanana na ya madereva. Ndege inapoinua pua wakati wa kuruka, kiti kisichofungwa hukimbilia nyuma. Rubani hushika usukani ili ajizuie, na kwa kufanya hivyo huivuta pua ya ndege juu zaidi, jambo linaloweza kuiangusha.

Vipimo vya kimataifa

Nchini Marekani, kanuni ya usalama namba 207 inayohusu viti ilianza kutumika kwa magari madogo Januari 1, 1968. Inataka kiti kistahimili nguvu iliyo sawa na uzito wake mara 20, kuelekea mbele na kuelekea nyuma, huku kikibaki mahali kilipofungwa. Kwa mfano, kiti chenye uzito wa kilo 20 hakina budi kustahimili nguvu sawa na uzito wa kilo 400.

Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi za Ulaya na kwingineko, inataka kila mtambo wa kusogeza kiti uwe na komeo linalojifunga lenyewe. Kwa maneno mengine, dhana ya springi kufunga na mkono kufungua imekuwa sharti la kisheria, na si hiari ya kiwanda.

Dalili za kuangalia

Zipo dalili ambazo dereva anaweza kuzitambua bila kifaa chochote. Ya kwanza ni mpini kuwa mwepesi kuliko zamani, au kuning'inia bila kurudi chini wenyewe. Ya pili ni kiti kusogea kidogo kila breki inapofungwa au gari linapoondoka. Ya tatu ni kusikia mlio wa kufunga upande mmoja tu. Ya nne ni kiti kukaa mshazari.

Ukaguzi wenyewe hauchukui zaidi ya dakika moja. Gari likiwa limesimama mahali tambarare na breki ya mkono imefungwa, nyanyua mpini, sogeza kiti hatua moja au mbili, kisha uachie. Sukuma mgongo nyuma kwa nguvu huku miguu ikikanyaga sakafu, halafu vuta mwili mbele. Kiti kisisogee hata kidogo. Rudia jaribio hilo katika nafasi tatu au nne tofauti, kwa sababu pengo moja laweza kuwa limelika huku mengine yakiwa mazima.

Baada ya hapo, chukua tochi na uangalie chini ya kiti. Ondoa chupa, sarafu, mchanga na zulia lililokunjamana juu ya reli. Chupa inayoviringika chini ya kiti ina madhara mawili: inaweza kuuzuia mpini usirudi, na inaweza kuingia chini ya pedali ya breki.

Jambo lisilofaa kabisa ni kurekebisha kiti gari likiwa katika mwendo. Komeo likiwa wazi, kitu pekee kinachokizuia kiti ni mkono wa dereva mwenyewe.

Ukifika gereji

Baadhi ya mafundi hulimaliza tatizo kwa kulifunga komeo kwa waya wa kawaida au kukichomelea kiti kwenye reli. Njia zote mbili zina kasoro. Waya wa kawaida hauna ugumu wa chuma cha springi na hulegea baada ya muda mfupi. Kuchomelea huharibu ugumu wa chuma mahali pale moto ulipopita, na humlazimisha kila dereva akae kwa kimo cha mtu mmoja.

Njia iliyo salama ni kubadilisha reli nzima pamoja na komeo na springi zake. Anayenunua reli iliyotumika katika maduka ya spea aichague ya gari la aina na toleo lilelile, aunyanyue mpini mara nyingi, aangalie kutu kwenye waya wa springi na ahakikishe meno ya pande zote mbili yanaingia hadi mwisho.

Fundi naye ana tahadhari zake. Springi ndefu inayokivuta kiti mbele huwa imevutwa wakati wote. Ikichomoka ghafla inaweza kumjeruhi mkono au jicho. Chini ya viti vya magari mengi hupita pia nyaya za mifuko ya hewa na za mikanda ya usalama, hivyo betri haina budi kutenganishwa na maelekezo ya mtengenezaji kufuatwa kabla ya kukitoa kiti.

Kikiteleza barabarani

Iwapo kiti kitateleza gari likiwa katika mwendo, kosa kubwa ni kuung'ang'ania usukani na kujivuta nao. Usukani utageuka, na gari litageuka nao. Kinachoshauriwa ni kuushika kwa utulivu bila kuuvuta, kuacha kukanyaga mafuta, kutumia breki ya mkono kidogo kidogo endapo mguu haufiki, na kulitoa gari pembeni.

Wenye magari hukagua mafuta ya injini, maji na upepo wa matairi kabla ya safari ndefu. Kuujaribu mpini wa kiti hakugharimu fedha wala hakuhitaji fundi. Ni vema jaribio hilo likafanyika kabla ya ufunguo kuzungushwa, hasa asubuhi ile ambapo gari liliendeshwa na mtu mwingine jana yake.